Mtunza Joto wa Nyumba ya Vanila

Watu wa Kanazi walipomwona Clavery Rutaihwa kwa mara ya kwanza walidhani wameletewa bubu. Alishuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba ya kukaushia vanila, begi moja mkononi, mwavuli uliovunjika mbavu kwapani. Akaitikia salamu kwa kuinamisha kichwa, akaonyeshwa chumba chake cha kulala, akaingia na kurudishia mlango. Kikundi cha wakulima kilikuwa kikingoja fundi mwenye maneno, wa kuwaeleza ule mtambo wa hewa moto uliowatisha wote. Wakapata mtu wa miaka arobaini na minane anayetazama viatu vyake.

"Huyu ndiye?" Ma Klaudia aliuliza, wala hakujisumbua kushusha sauti. Ma Klaudia ni mama mtu mzima ambaye Kanazi nzima humtegemea. Harusi, msiba au ubatizo haupiti bila yeye kusema nani apike na nani akae wapi.

"Ndiye," alijibu Gaudiosa, mwenyekiti wa kikundi.

"Tumeomba mtu, tumepewa kivuli."

Clavery alisikia. Hakukasirika. Tangu utotoni alikuwa amezoea kusemwa akiwa palepale.

Alizaliwa Kishanda, upande wa Muleba, katika kibanja cha migomba na mibuni. Alisoma hadi darasa la saba. Mwalimu alipouliza swali, Clavery alikuwa na jibu, lakini kabla hajapata moyo wa kuinua mkono mwenzake alikuwa ameshapigiwa makofi. Shule ilipokwisha hakuna aliyeuliza habari ya kuendelea, naye hakuuliza. Akabaki nyumbani kumsaidia baba yake kutengeneza rubisi, pombe ya ndizi.

Katika kazi hiyo alipenda zaidi kuivisha ndizi. Shimo huchimbwa, likapashwa moto, ndizi zikapangwa ndani, zikafunikwa majani ya mgomba na udongo, kisha mtu akangoja. Joto likipungua, ndizi hubaki ngumu. Likizidi, huungua maganda huku ndani bado mbichi. Baba yake hakuwa na kipimo. Alipenyeza mkono katikati ya majani, akafumba macho kidogo, akasema "bado" au "tayari". Clavery alijifunza hivyo hivyo. Ilikuwa kazi isiyodai maneno, akaiweza kuliko kaka zake wote wenye ndimi nyepesi.

Alipooa, kibanja kilikuwa kimegawanywa, na sehemu yake ilitosha kula tu. Mkewe Renatha akabaki akiitunza, yeye akaenda mjini Bukoba kutafuta kazi. Wiki mbili alizunguka. Tatizo halikuwa ukosefu wa kazi. Tatizo lilikuwa kwamba kazi huombwa, na kuomba kunataka kinywa. Alikuwa akifika mlangoni, akasimama, akaulizwa anataka nini, akasema "hapana, napita tu," akaondoka.

Siku moja mvua ilimkamata karibu na kiwanda cha mikate cha Mzee Omary. Mzee huyo, Mwislamu ambaye babu yake alikuja Bukoba kutoka pwani na kuzikwa Bukoba, alikuwa hodari wa mikate na hodari wa hasira. Clavery akajibanza chini ya upenu. Mbele yake wafanyakazi walikuwa wakitoa trei za mikate na kuzipanga, na yeye, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kutazama, akaitazama mikate. Akaona kwamba katika kila trei mikate ya upande mmoja ilikuwa imeiva zaidi. Hakusema neno. Mfanyakazi alipogeuka kuingia ndani, Clavery alisogea, akazigeuza trei tano ili ile mikate myeusi yote ikae upande mmoja, ikaonekana kama mstari uliochorwa kwa mkaa. Kisha akarudi chini ya upenu.

Mzee Omary alitoka, akaona mstari, akaona yule mtu aliyelowa.

"Nani kachezea trei zangu?"

Wafanyakazi wakamtazama mgeni.

"Ni wewe?"

Clavery akatikisa kichwa kukubali.

"Unaniambia tanuri langu linaunguza kushoto?"

Akakubali tena.

"Miezi mitatu nawauliza hawa majogoo wangu kwa nini mikate inaungua, wananipa hotuba. Wewe hujafungua hata mdomo na umeniambia. Ingia ndani. Kausha nguo hizo, halafu nionyeshe."

Alikaa kwa Mzee Omary miaka kumi na tisa. Clavery hadi leo akitaja jina hilo huvua kofia, hata kama yuko peke yake. Hapo ndipo alipojifunza kwamba joto lina tabia: lina mahali linapopenda kukaa na mahali linapokataa kwenda. Na mzee alipoacha kuni akaweka tanuri la gesi, hapo ndipo alipokutana na fundi Muksini.

Muksini ni fundi wa gesi anayezunguka Bukoba na Muleba, mtu mwembamba anayesema na mashine kama anavyosema na watoto wake. Yeye ndiye aliyemfundisha Clavery maana ya vali, maana ya moto wa bluu na moto wa njano, na kwa nini gesi inayovuja hunuswa chini na si juu. Alimfundisha bila kumcheka. Clavery aliposhindwa kuuliza swali, Muksini alijiuliza mwenyewe kwa sauti, kisha akajijibu.

Mzee Omary alipochoka, wanawe wakaamua kufunga kiwanda. Wakati huohuo Muksini alikuwa amepata kazi ya kufunga mtambo wa hewa moto kule Kanazi, na Gaudiosa akaja mjini kutafuta mtu wa kuutunza. Mzee Omary alimwita, akamwonyesha Clavery aliyekuwa akifagia unga wa mwisho.

"Mchukueni huyu. Hatawachekesha, lakini hatawaunguzia."

Hivyo ndivyo kivuli kilivyofika Kanazi.

Vanila ni zao la subira. Matunda yake marefu ya kijani huchovywa kwenye maji ya moto, yakafungwa kwenye mablanketi yatoe jasho, kisha yakakaushwa polepole mpaka yawe ya kahawia, laini kama ngozi ya mkanda, yenye harufu inayomfuata mtu hadi kanisani. Zamani kikundi kilitegemea jua. Lakini jua la Kagera lina kiburi; wiki nzima linaweza lisionekane, na vanila yenye unyevu ikikosa joto huota ukungu mweupe. Ikishaota ukungu ni ya kutupa. Ndiyo maana walijenga chumba cha saruji chenye chanja katikati na njia ya kupita pembeni, na nje ya ukuta, chini ya kibanda cha mabati, Muksini akafunga mtambo uliotumika ambao alikuwa ameufumua na kuusafisha hadi skrubu ya mwisho.

Siku ya kuukabidhi, Muksini alimweleza Clavery peke yake, kwa kuwa alimjua.

"Kaka, huyu ni kama mtu. Hiki kisanduku kinachoning'inia katikati ya chanja ndicho kinachohisi baridi. Nimekipangia nyuzi arobaini na tano. Joto likishuka, kinauambia mtambo 'washa'. Vali inafungua gesi, cheche inapiga, moto unashika. Kuna jicho pale linalotazama moto. Lisipouona, linafunga gesi mara moja. Baada ya nusu dakika feni inaamka, inasukuma hewa moto kwenye bomba hili la bati hadi juu ya chumba. Hewa ikipoa inashuka, inarudi kwa tundu lile la chini ukutani lenye wavu, inapashwa tena. Inazunguka hivyo. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Na hapa, mwanzo wa bomba, kuna mlinzi. Swichi ya usalama. Hewa ikizidi moto kupita kiasi, mlinzi anakata gesi, na mtambo hauwaki tena mpaka mtu abonyeze kitufe hiki chekundu kwa mkono wake. Sasa nisikilize. Mlinzi akikata, usimbembeleze. Tafuta kwanza kaona nini. Ukibonyeza mara ya pili hujui sababu, wewe ndiye mwizi aliyekuja kumlevya mlinzi."

Clavery aliyashika maneno hayo. Msimu wa kwanza ukapita vizuri, wa pili ukapita vizuri. Watu wakazoea ukimya wake. Gaudiosa akamwongezea blanketi, Ma Klaudia akawa anamletea senene wa kukaanga msimu wao ulipofika, na kumwita Ta Clavery kwa heshima, ingawa bado alimkemea kila alipotaka.

Msimu wa tatu mvua iligoma kuondoka. Wiki tatu mfululizo mawingu yalilala juu ya migomba. Vanila ya familia arobaini ilikuwa kwenye chanja, mavuno yao yote ya mwaka, na uhai wake wote ulikuwa ule mtambo. Ikaja habari kwamba wageni wa kampuni inayonunua wangefika Alhamisi saa nane mchana kuitazama. Wakiipenda, wangeichukua yote ikishakauka. Wakiona ukungu, wangegeuza gari.

Alhamisi saa moja asubuhi Clavery aliamka akakuta wanawake kumi na wawili wameshafika kutoka rweya, kule uwanda wa nyasi, kila mmoja na mzigo kichwani. Walikuwa wamekata nyasi changa, ndefu, zinazonukia mvua. Kwa Wahaya mgeni wa heshima hapokelewi kwenye sakafu tupu. Nyumba hutandikwa nyasi, na nyasi zikiwa nene, heshima ni nene.

"Tupishe, Ta Clavery!" Ma Klaudia aliita, mzigo wake ukidondosha maji. "Leo hata hiki chumba chako cha joto kitavaa nguo."

Clavery alisimama kando ya mlango. Aliona mzigo wa kwanza ukifunguliwa. Akaona nyasi zikitandazwa kwenye njia ya kupita, zikipandishwa kidogo kwenye kuta kama desturi inavyotaka, ili pembe zisionekane tupu. Kuna kitu kilimkuna moyoni. Alitaka kusema nyasi mbichi zina maji, na chumba kile ni cha kuondoa maji. Lakini wanawake walikuwa wakiimba, na wote walikuwa wakubwa au wake za wakubwa, na furaha yao ilikuwa nzuri. Akasema moyoni: zitakauka. Akatoka kwenda kuangalia mitungi ya gesi.

Saa tatu mtambo ulizima.

Alisikia ile "tak!" ndogo ya swichi, kisha feni ikaendelea kuzunguka peke yake bila moto. Alikagua mitungi: imejaa. Vali: wazi. Akabonyeza kitufe chekundu, moto ukawaka, akashukuru Mungu. Saa tatu na nusu ukazima tena. Akabonyeza mara ya pili. Mkono wake ulijua kwamba unafanya kosa. Saa nne kasorobo ukazima mara ya tatu, na akabonyeza mara ya tatu, na saa nne kamili ukazima.

Kisanduku ndani ya chumba kilionyesha nyuzi thelathini na saba. Ukutani maji yalikuwa yameanza kutiririka.

Alimpigia Muksini. Fundi alikuwa Muleba juu ya paa la mtu, saa mbili za barabara.

"Mlinzi kakata mara ngapi?" Muksini aliuliza.

Clavery akakitazama kitufe chekundu.

"Kaka, mara ngapi?"

"Mara nyingi."

Muksini alipumua kwenye simu. "Haya. Usibonyeze tena. Mlinzi akikata na moto ni mzuri, maana yake hewa haipiti. Moto upo, lakini hakuna wa kuubeba, unabaki umejazana pale kwenye bomba. Tazama feni, tazama bomba, tazama inakotoka na inakoingia. Nakuja, lakini nitachelewa. Na waya zangu asiguse mtu, unasikia? Asiguse hata paroko."

Clavery alifungua kibanda. Feni ilikuwa inazunguka sawasawa. Bomba lilikuwa zima, halina hata kishimo. Alipokuwa amepiga magoti hapo, Mugisha akaja. Huyu ndiye katibu wa kikundi, kijana msomi kidogo, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni.

"Ta Clavery, wageni wameshaanza safari. Nini tena?"

"Swichi ya usalama inakata."

"Iko wapi?" Mugisha akachungulia. "Si hii yenye waya mbili? Ondoa swichi, zifunge hizo waya pamoja, mtambo uendelee. Wakishaondoka wageni utairudisha. Nimeona watu wanafanya hivyo kwenye pasi za umeme."

"Muksini amekataza."

"Muksini yuko Muleba. Vanila iko hapa. Shika hii." Akamkabidhi kisu kidogo cha kumenyea waya, akaangalia saa. "Nakuachia. Wewe ndiye fundi." Akaondoka haraka kwenda kupanga viti.

Clavery alibaki na kisu. Akaingia chumbani kutazama joto. Thelathini na nne. Wanawake walikuwa wamemaliza, wamekwenda jikoni, na chumba kilikuwa kizuri kweli, kijani ukuta hadi ukuta. Alisimama katikati akiwa amechanganyikiwa. Ndipo alipoona jambo dogo. Kwenye ukuta wa mtambo, chini, nyasi zilikuwa zimesimama wima. Sehemu nyingine zote zilikuwa zimelala kama nyasi zinavyolala. Pale zilikuwa zimejigandamiza ukutani, zimebanana, kama watu waliokimbilia dirisha moja. Nyasi hazisimami zenyewe. Kitu kilikuwa kinazishika.

Aliinama, akapenyeza mkono kati ya nyasi hadi kwenye wavu. Feni ilikuwa inavuta, ikivuta kwa nguvu zake zote, na haipati kitu. Tundu lote lilikuwa limezibwa na heshima ya wageni.

Sasa alijua, na kujua kulikuwa kuzito kuliko kutojua. Angeweza kuzing'oa zile tu za kwenye tundu. Lakini nyasi zilizobaki zilikuwa zinatoa mvuke, na feni ingeendelea kuzivuta. Zilitakiwa kutoka zote. Na nani angemwambia Ma Klaudia afunue nyumba aliyokwisha kuitandika, saa chache kabla ya wageni, mbele ya wanawake wenzake? Kung'oa nyasi za mgeni ni kama kumwambia mgeni asije. Na nani angekiri kwamba alibonyeza mara tatu?

Alikitazama kile kisu. Waya mbili tu. Angezifunga, moto ungewaka, hakuna ambaye angeaibika, hakuna neno ambalo lingesemwa. Wageni wangekuja, wangekula, wangeondoka. Maisha yake yote alikuwa amechagua njia isiyo na maneno, na mara nyingi ilimfikisha salama. Lakini alitoka hadi kibandani, akauweka mkono juu ya bomba, akauondoa upesi. Lilikuwa bado linachoma, ingawa mtambo ulizima muda mrefu. Akawaza moto ukiendelea kujazana mle bila wa kuukata, na upande wa pili wa ukuta chumba kimejaa nyasi na vanila ya familia arobaini, na watu ndani.

Akafunga kisu. Akaenda jikoni.

Wanawake walikuwa wakimenya ndizi. Gaudiosa alikuwa anaonja mchuzi. Clavery alisimama mlangoni, na wote wakageuka, kwa sababu hakuwa amewahi kusimama pale bila kuitwa.

"Kuna nini?" Gaudiosa aliuliza.

"Nyasi," alisema Clavery.

"Nyasi zimefanyaje?"

"Zitoke."

Kisu cha Ma Klaudia kilisimama katikati ya ganda. "Nimesikia vibaya?"

"Hapana, Ma. Zitoke zote. Tafadhali."

"Ta Clavery! Nimelowa tangu alfajiri. Kina mama hawa wamebeba kwa shingo zao. Unataka niivue nyumba nguo wageni wakiwa njiani? Nimekukosea nini, waitu?"

Clavery alihisi masikio yakiwaka. Miguu ilitaka kuondoka. Akaizuia.

"Njoo uweke mkono, Ma. Kama nimekosea, nitakwenda rweya mwenyewe kukata nyingine."

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo. Labda ndiyo maana Ma Klaudia aliinuka. Wakaingia chumbani wote, na Mugisha akafuata. Clavery akampeleka mama yule hadi ukutani, akamshika kiwiko ainame. Ma Klaudia akapenyeza mkono. Akautoa. Akaupenyeza tena.

"Kinanivuta."

"Hapo ndipo mtambo unapovutia pumzi. Tumeuziba pua. Moto ukiwaka hauna hewa ya kuubeba, bomba linazidi joto, swichi inakata. Sasa ni nyuzi thelathini na tatu."

Gaudiosa akajishika kichwa. Ma Klaudia alibaki ameinama, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Kwa hiyo ni mimi niliyeuzima."

"Si wewe, Ma. Ni mimi. Ulipofungua mzigo wa kwanza nilikuwa mlangoni, nikaona, nikanyamaza. Na Muksini alinikataza kubonyeza kitufe kabla sijajua sababu. Nimebonyeza mara tatu. Swichi isingekuwa hodari kuliko mimi, tungekuwa tunazima moto sasa hivi. Mkitaka niondoke nitaondoka, lakini nyasi zitoke kwanza."

Feni ilisikika ikihangaika.

"Mara tatu!" Mugisha alisema. "Mtu ameelekezwa na bado..."

"Mugisha," Clavery alisema, na kumrudishia kisu chake. "Hizo waya sijazigusa."

Gaudiosa alikitazama kisu, akamtazama katibu wake. "Waya gani?"

Mugisha akaanza kutafuta kitu mfukoni. "Lilikuwa wazo tu, mwenyekiti."

"Wazo la kutuchoma," alisema Ma Klaudia, ambaye sauti yake ilikuwa imerudi mahali pake. "Kalamu mbili mfukoni na zote hazina wino. Shika nyasi hizo ubebe!"

Wanawake wakacheka, na kicheko kile kikawa kama mlango uliofunguliwa. Ma Klaudia akapiga makofi.

"Kina mama! Mgeni hupokelewa uani, hapokelewi chumbani kwa mgonjwa. Nyasi zote nje! Tandikeni kuanzia wanaposhukia garini hadi barazani, nene, ili hata viatu vyao vishukuru. Humu ndani fagieni, msiache hata unyasi mmoja."

Walibeba kwa mafungu. Mugisha alibeba na shati lake jeupe likawa na ramani ya kijani. Clavery alisafisha wavu kwa vidole, unyasi mmoja mmoja, mpaka aliposikia hewa ikipita bila kugombana. Alifungua mlango dakika kadhaa mvuke utoke. Akangoja bomba lipoe na feni isimame. Gaudiosa alitaka kumwambia aharakishe, akaona jinsi alivyosimama, akaacha.

Saa tano na nusu alibonyeza kitufe chekundu, mara hii akijua kwa nini. Cheche ikapiga. Moto ukashika, bluu, umetulia. Nusu dakika, feni ikaamka. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasubiri ile sauti ya kuzima. Haikuja. Thelathini na tano. Thelathini na tisa. Saa saba na robo kisanduku kilisoma arobaini na tano, na gesi ikafungwa yenyewe, kwa utaratibu, kama mtu anayeweka kijiko chini baada ya kushiba.

Wageni walifika saa nane na nusu, wawili. Walikanyaga nyasi kwa uangalifu wakauliza maana yake, Ma Klaudia akawaeleza kwa urefu kuliko walivyouliza. Walipoingia chumbani walinusa, wakachukua vanila moja, wakaizungusha kwenye kidole kuona kama itavunjika. Haikuvunjika. Kwenye chanja ya chini kabisa, karibu na sakafu, ukungu ulikuwa umeanza. Clavery alikuwa ameshaiona vanila hiyo na kuitenga, na aliwaonyesha mwenyewe kabla hawajauliza. Vanila ya chanja hiyo moja ilikuwa ya kutupa. Iliyobaki walisema wangeifuata ikishakauka.

Muksini alifika jioni, jua likiwa bado juu ya migomba kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Alikagua kila kitu, akatikisa kichwa.

"Mara tatu, kaka."

"Mara tatu."

"Utarudia?"

"Sitarudia."

"Basi nipe chai."

Ijumaa asubuhi kikundi kilikutana. Clavery alikuwa amekunja nguo zake kwenye begi, kwa kuwa mtu mwenye adabu hangoji kuambiwa. Alimkuta Gaudiosa amesimama mbele ya chumba na wanachama wote nyuma yake.

"Ta Clavery, tumekubaliana jambo moja," alisema mwenyekiti. "Miaka mitatu tumekuachia huu mtambo kana kwamba ni ugonjwa wako peke yako. Hakuna kati yetu aliyejua unapumulia wapi. Hilo ni kosa letu. Tunaomba utufundishe."

"Wote?"

"Wote. Na wazee."

Alitazama viatu vyake. Kisha akawaingiza watano watano, akawaonyesha kisanduku, bomba, jicho la moto, mlinzi na kitufe chake, na tundu la chini. Kila mmoja aliweka mkono kwenye wavu. Alisema kwa sauti ndogo na ilibidi wamsogelee, lakini wakasogea. Ilichukua asubuhi nzima. Alipomaliza alikuwa amelowa jasho kama aliyelima, na moyoni alikuwa na shukrani nyingi hata hakujua aanze na nani: Mzee Omary aliyemtoa mvuani, Muksini aliyemfundisha bila kumcheka, mtu asiyemjua aliyetengeneza swichi ile ndogo isiyokubali kudanganywa, na watu hawa ambao wangeweza kumfukuza.

Alimfuata Ma Klaudia uani. "Ma, wakora. Wakora muno," alimshukuru kwa Kihaya. "Jana ungeweza kukataa..."

Ma Klaudia hakuwa anamsikiliza. Alikuwa amemwona mwanamke mmoja akiingia chumbani na kapu kubwa, akitafuta pa kuliweka.

"Wewe! Ukutani hapo usiweke! Utaliziba tundu!" Akamgeukia Clavery. "Ulikuwa unasema?"

"Nashukuru, Ma."

"Haya. Ni nyuzi ngapi sasa?"

Clavery akachungulia. "Arobaini na tano."

"Basi nenda ukafungue begi lako, halafu uje ule."